Pikapu iliyogeuzwa bredauni: uchambuzi wa kisa cha ekseli ya nyuma iliyozidiwa

Pikapu inayozungumziwa hapa ililetwa kwangu ikiwa imebebwa juu ya gari jingine, siku mbili baada ya kuteleza kwenye kona ya mteremko, barabara ikiwa imelowa, huku imenyanyua gari la familia la viti saba lililokufa injini. Dereva alikanyaga breki kabla ya kona, magurudumu ya mbele yakafunga, yaani yakaacha kuzunguka na kuanza kuteleza, usukani ukawa hauitiki, na pikapu ikaenda moja kwa moja mpaka ilipozuiwa na tuta la udongo pembeni. Hakuna aliyeumia. Mwenye gari ni fundi mwenzangu, na ndiye aliyeigeuza pikapu hiyo kuwa bredauni, yaani gari la kunyanyua na kuvuta magari mabovu, kwa mikono yake mwenyewe. Hakuileta ili ninyooshe bampa. Alitaka nimweleze kwa nini gari lilikataa kusimama ilhali uzito aliounyanyua ulikuwa karibu sana na kiwango alichokuwa amekikokotoa kabla ya kuchomelea kipande cha kwanza cha chuma.

Nimeruhusiwa kukiandika kisa hiki kwa urefu, na nimekiandika kwa sababu kosa lenyewe halikutokana na uzembe. Fundi huyu alipiga hesabu, tena hesabu inayotumika kweli katika kazi ya kuvuta magari, na kwa namba alizoanza nazo jibu lake lilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo hujibu swali la ekseli ya mbele, yaani mhimili unaobeba magurudumu ya mbele, peke yake, na kwenye pikapu nyepesi ekseli inayozidiwa kwanza ni ya nyuma.

Gari na kazi iliyofanyika

Ni pikapu ya kawaida ya kazi nyepesi, yenye kabini ya milango minne, injini ya dizeli ya lita 2.5, chasisi ya ngazi, springi za bapa nyuma na tairi moja moja kila upande. Bamba la mtengenezaji mlangoni linasema uzito wa juu kabisa wa gari pamoja na mzigo ni kilo 2,900, ekseli ya mbele isibebe zaidi ya kilo 1,350, na ya nyuma isizidi kilo 1,750. Kabla ya kuguswa, ikiwa na dereva na tangi limejaa, ilipimwa kwenye mizani ya magari ikasoma kilo 1,150 mbele na kilo 850 nyuma. Kutoka katikati ya ekseli ya mbele hadi katikati ya ekseli ya nyuma ni mita 3.1. Ninaomba msomaji azishike namba hizi, kwa kuwa kila kinachofuata kinatoka humo.

Bodi ya mizigo iliachwa mahali pake. Sakafu yake ilitobolewa, na bamba mbili nene za chuma zikachomelewa moja kwa moja juu ya boriti za chasisi. Juu ya bamba hizo ukasimamishwa mlingoti wa bomba nene wenye winchi ya mkono, kapi, na mkono unaoshuka nyuma hadi kwenye kinyanyuzi, yaani ile boriti ya kukingama yenye vishikio viwili vinavyokumbatia magurudumu ya gari linalovutwa. Pamoja na sanduku la zana na minyororo, vifaa vyote vilikuwa na uzito wa kilo 380, na kitovu cha uzito huo kilikaa sentimita 30 nyuma ya ekseli. Kinyanyuzi kilishika magurudumu mita 1.9 nyuma ya ekseli ya nyuma. Urefu huo haukuchaguliwa ovyo: mkia wa chasisi ulifika mita 1.1, na pua ya gari dogo hutangulia magurudumu yake ya mbele kwa takribani sentimita 80, kwa hiyo kinyanyuzi kikisogezwa karibu zaidi, bampa la gari linalovutwa litagonga mkia wa pikapu kwenye kona ya kwanza.

Ubavuni mwa mlingoti fundi alipaka rangi namba moja kubwa: 900. Aliipata hivi. Kanuni inayofuatwa na wengi katika kazi hii husema kwamba gari linalovuta, likiwa limenyanyua mzigo, lazima libaki na angalau nusu ya uzito wake wa kawaida kwenye ekseli ya mbele, ili usukani na breki za mbele viendelee kufanya kazi. Nusu ya 1,150 ni 575. Ukizidisha kwa 3.1 na kugawanya kwa 1.9 unapata kilo 938. Akapunguza hadi 900 kwa tahadhari, jambo la kupongezwa, na kwa muda wa kutosha akawa ananyanyua magari madogo bila kisa.

Wenzo ambao egemeo lake ni ekseli

Mzigo unaokaa nyuma ya ekseli ya nyuma hauongezi uzito wake tu. Chasisi hugeuka wenzo, ekseli ya nyuma ikawa egemeo, na kila kilo inayoning'inia nyuma huinua sehemu ya mbele ya gari. Uzito ulioondoka mbele haupotei. Unahamia kwenye ekseli ya nyuma, juu ya ule wa mzigo wenyewe. Mwenye gari huona mbele pamekuwa pepesi, akadhani hilo ndilo tatizo lote, kumbe kila kilo iliyotoweka mbele imekwenda kukaa juu ya beringi na tairi za nyuma.

Tuanze na vifaa. Kilo 380 zilizo sentimita 30 nyuma ya ekseli ziliondoa kilo 37 mbele na kuongeza kilo 417 nyuma. Kabla hata ya kunyanyua chochote, pikapu ilikuwa na kilo 1,113 mbele na 1,267 nyuma, maana yake ekseli ya nyuma ilibakiwa na nafasi ya kilo 483 tu. Hesabu ya fundi haikuuona uzito huu, kwa kuwa alianza na namba za gari likiwa bado halijafungwa kitu.

Sasa tuchukue gari dogo la kawaida la kilo 1,300 lenye injini mbele, ambalo magurudumu yake ya mbele hubeba kiasi cha kilo 780. Likinyanyuliwa mita 1.9 nyuma ya ekseli, kilo 478 huondoka mbele ya pikapu. Mbele hubaki kilo 635, ambazo ni zaidi ya nusu, na kanuni ya fundi imetimia vizuri kabisa. Nyuma, hata hivyo, hesabu ni 1,267 ukijumlisha 780 na 478, jumla kilo 2,525. Ekseli iliyotengenezwa kwa kilo 1,750 imebebeshwa ziada ya kilo 775, na gari zima limepita uzito wake wa juu kwa kilo 260. Hii ilikuwa kazi ya kila siku, ile ambayo fundi aliihesabu kuwa nyepesi.

Gari la siku ya ajali tulilipima baadaye: magurudumu yake ya mbele yalibeba kilo 950. Hapo mbele ya pikapu palibaki kilo 531, chini ya nusu, na nyuma pakafika kilo 2,799. Kilo 50 kupita namba iliyoandikwa mlingotini zinaonekana kosa dogo, nami sikumlaumu kwa hizo. Kosa lilikuwa ile namba yenyewe.

Ukitaka kujua namba ambayo ingefaa kuandikwa, chukua nafasi iliyobaki kwenye ekseli ya nyuma, kilo 483, ugawe kwa 1.61, ambayo ni moja ukijumlisha 1.9 iliyogawanywa kwa 3.1. Jibu ni kilo 300. Hakuna gari la kawaida la abiria lenye pua nyepesi kiasi hicho ambalo mtu ataitwa kulivuta, na kwa hiyo, kwa mpangilio ule, pikapu haikuwa na uwezo wa kufanya kazi iliyotengenezewa. Kumwambia hivyo mtu aliyetumia wiki kadhaa kuchomelea kilikuwa kibarua kigumu kuliko hesabu yenyewe.

Swali hili la uthabiti wa gari linalobeba, ambalo wengi huliweka nyuma ya nguvu ya winchi, ni la tangu mwanzo wa kazi hii. Mwaka 1916, Ernest Holmes, mwenye gereji mjini Chattanooga katika jimbo la Tennessee, Marekani, alifunga nguzo tatu, kapi na mnyororo juu ya gari la Cadillac la mwaka 1913, na jaribio lake la kwanza halikumridhisha mpaka alipoongeza miguu ya pembeni ya kulituliza gari. Kuvuta hakukuwa shida kubwa. Shida ilikuwa kulifanya gari linalovuta litulie chini ya mzigo.

Springi zilizonyamazisha gari

Kuna kipindi kati ya kazi ya kwanza na ajali ambacho ninakiona ndicho moyo wa kisa hiki. Mara za mwanzo alizonyanyua magari, nyuma ya pikapu ilizama hadi ekseli ikakaa juu ya mipira inayoizuia isigonge chasisi. Mbele ilipanda. Usiku, taa kubwa zilimulika matawi ya miti badala ya barabara, jambo lisiloshangaza, kwa kuwa nyuma ikishuka sentimita 9 na mbele ikipanda sentimita 4, kwenye nafasi ya mita 3.1 taa huelekea juu kwa zaidi ya nyuzi mbili. Pikapu ilikuwa inasema kwa sauti kwamba imezidiwa.

Fundi akaongeza mabapa matatu mazito kwenye kila springi ya nyuma. Baada ya hapo pikapu haikuzama tena, taa zikarudi barabarani, na yeye akaniambia maneno ambayo nimeyasikia katika gereji nyingi: "Nyuma haizami tena, fundi, gari limekubali."

Gari halikuwa limekubali. Springi hushikilia kimo. Haziongezi uwezo wa ekseli, beringi, rimu, tairi wala breki. Kilo 2,525 zilibaki kilo 2,525. Tairi za nyuma zilikuwa za daraja la mzigo 106, ambalo ni kilo 950 kwa kila tairi, kilo 1,900 kwa zote mbili, na kila moja ilikuwa ikibeba zaidi ya kilo 1,260. Kwenye pikapu nyingi nyepesi, hii ikiwemo, shafti ya gurudumu la nyuma hufanya kazi mbili: huzungusha gurudumu na pia hubeba uzito wa gari kupitia beringi moja iliyo mwishoni mwa ekseli. Magari makubwa hutenganisha kazi hizo, uzito ukabebwa na bomba la ekseli na shafti ikabaki kuzungusha tu. Ndiyo maana beringi ya nyuma ya pikapu iliyozidiwa inapokufa, gurudumu linaweza kutoka pamoja na shafti yake. Tulipofungua upande wa kulia, sili ya mafuta ilikuwa imeungua, mafuta ya difu (kisanduku cha gia katikati ya ekseli ya nyuma) yameloanisha viatu vya breki, na njia ya beringi ilikuwa na vijishimo vya kuhisika kwa ukucha.

Lakini kilichonishtua zaidi kilikuwa kifimbo chembamba cha chuma, unene wa penseli, kinachounganisha ekseli ya nyuma na valvu ndogo ya breki iliyofungwa kwenye chasisi. Pikapu nyingi zina valvu hii. Kazi yake ni kupima mzigo kwa kuangalia umbali kati ya ekseli na chasisi: gari likiwa tupu, umbali ni mkubwa, na valvu hupunguza msukumo wa breki za nyuma ili magurudumu mepesi ya nyuma yasifunge, gari likipakiwa, chasisi hushuka, kifimbo husogea, na valvu huruhusu msukumo zaidi kwenda nyuma. Mabapa matatu yaliyoongezwa yaliinua nyuma ya pikapu tupu kwa sentimita 7, na hata ilipobeba mzigo wote ule, chasisi ilishuka tu mpaka kwenye kimo cha gari tupu. Valvu haina namna nyingine ya kujua. Iliamini gari halina kitu, ikapunguza breki za nyuma kwa kiwango cha juu kabisa.

Sasa iweke siku ya ajali mbele yako. Kwenye pikapu, asilimia 84 ya uzito iko nyuma, ambako breki zimepunguzwa na upande mmoja viatu vimelowa mafuta. Asilimia 16 iliyobaki iko mbele, ambako msukumo wote wa breki unakwenda, kwenye tairi zilizobakiwa na kilo 531 kwa pamoja, juu ya lami yenye maji, na pikapu haina ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasifunge breki zikikanyagwa. Nyuma kuna gari linalosukuma, likiwa na magurudumu mawili chini yasiyo na breki. Magurudumu ya mbele yalifunga mara tu yalipoguswa, na gurudumu lililofunga haligeuzi gari hata usukani ukizungushwa mpaka mwisho. Alama bapa mbili zilizolika kwenye tairi za mbele, kila moja ya upana wa kiganja, zilithibitisha hivyo bila ubishi.

Ninasisitiza jambo hili kwa fundi yeyote anayefikiria kuongeza mabapa. Angeacha springi za mwanzo, pikapu ingezama, ingetisha, taa zingeendelea kumulika miti, lakini breki za nyuma zingepata msukumo zaidi. Kile alichokiona kuwa tiba kiliondoa dalili, na pia kiliivunja sehemu pekee ya breki iliyokuwa ikijaribu kwenda sambamba na mzigo.

Ufa uliojificha juu

Mwenye gari alikuwa na desturi nzuri ya kulala chini ya pikapu kila baada ya siku chache na kukagua chasisi kwa tochi. Hakuwahi kuona kitu. Ufa ulikuwa juu.

Mzigo unaponing'inia nyuma ya ekseli, boriti za chasisi hukunjwa kuelekea chini mkiani, kwa hiyo uso wa juu wa boriti ndio unaovutwa na uso wa chini ndio unaobanwa. Chuma kilichochoka hupasuka upande unaovutwa. Mvutano huwa mkali zaidi katika eneo la springi ya nyuma, na kwenye pikapu hii mshikio wa nyuma wa springi uko mita 1.2 mbele ya kinyanyuzi. Kilo 780 kwa mita 1.2 ni nguvu ya kukunja ya kiasi cha kilonewtoni-mita 9, ambayo boriti mbili hugawana gari likiwa limesimama. Kwenye mashimo na matuta kiasi hicho huweza kuongezeka maradufu kwa kitambo kifupi.

Tulipoitoa bodi ya mizigo, mwanzoni sikuona ufa bali mstari wa kutu yenye wekundu wa matofali, mwembamba kama unywele, uliokuwa umechafua rangi nyeusi ya boriti ya kulia. Ulianzia palepale weldi ya bamba la mlingoti ilipoishia, ukakata uso wa juu kwa kukingama na kuanza kushuka ubavuni. Baada ya kusafisha na kupaka dawa ya kuonyesha nyufa, urefu wake ulikuwa milimita 45. Weldi iliyokingama uso wa boriti ya chasisi ni mahali pabaya kuliko pote: chuma kilicho pembeni mwa weldi kimebadilishwa na joto, unene hubadilika ghafla, na mvutano wote hukusanyika kwenye ile pembe ndogo. Boriti ile ingekatika. Sijui ingekuwa safari ya ngapi, lakini ingekatika mzigo ukiwa umening'inia.

Tulichokiacha na tulichokifanya

Pendekezo la kwanza la mwenye gari lilikuwa kufunga uzito mbele. Tulilipigia hesabu palepale kwenye kipande cha boksi. Kilo 150 zikifungwa kwenye bampa, sentimita 80 mbele ya ekseli ya mbele, huongeza kilo 189 mbele lakini hupunguza kilo 39 tu nyuma, huku gari zima likizidi kuwa zito. Usukani ungetulia, naye angeona mambo yametengemaa, ilhali ekseli ya nyuma imebaki karibu palepale. Lingekuwa kosa lilelile la springi kwa umbo jingine.

Pendekezo la pili lilikuwa kufunga ekseli ya nyuma ya lori dogo, yenye tairi pacha. Hili lina akili zaidi, na nimewahi kuona likifanyika. Lakini ekseli hiyo huja na uwiano wake wa difu, breki zake, upana wake na shafti ya propela, ile ndefu inayopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli ya nyuma, inayohitaji kukatwa na kusawazishwa upya. Chasisi, klachi na breki za mbele hubaki za pikapu. Na baada ya yote, bamba la mlangoni bado linasema kilo 2,900, na ndilo mkaguzi na bima wanalolisoma ajali ikitokea. Mwenye mahitaji ya kunyanyua kilo 900 atafute lori dogo tangu mwanzo. Nilimwambia hivyo waziwazi, naye baada ya kimya kirefu akasema lori hana, pikapu anayo. Basi tukakubaliana tutafute pikapu hii inaweza nini kwa haki yake.

Bodi ya mizigo ikatolewa moja kwa moja. Peke yake ilikuwa na kilo 160, karibu zote juu ya ekseli ya nyuma. Mlingoti ukatupwa. Mabapa ya nyongeza yakatolewa, springi za kiwandani zikabaki, valvu ya breki ikarudishwa kwenye kipimo chake na kujaribiwa. Beringi, sili na viatu vya breki vikabadilishwa pande zote mbili.

Ufa ulitobolewa tundu dogo mwishoni ili usiendelee, ukachimbwa umbo la V, ukajazwa kwa weldi na kusagwa mpaka uso ukawa laini. Juu yake tuliweka kiraka ambacho ncha zake zimekatwa kimshazari, kwa sababu kiraka chenye ncha zilizokatwa mraba huhamishia ufa kwenye ukingo wake. Betri na altaneta vilikuwa vimetenganishwa kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea.

Vifaa vipya havikuchomelewa kwenye chasisi. Tulitengeneza fremu ndogo ya boriti mbili zinazolala juu ya boriti za gari kutoka nyuma ya kabini hadi mkiani, ncha zake za mbele zikiwa zimechongwa kupungua unene ili mkunjo usikusanyike mahali pamoja. Ilifungwa kwa mabano na bolti za M12 (unene wa milimita 12) za daraja la uimara 8.8 kupitia ubavu wima wa chasisi, kamwe si kupitia uso wa juu au wa chini, na kwa kuwa boriti zina umbo la sanduku, kila tundu liliwekewa bomba la ndani ili bolti ikikazwa kuta zisibonyee. Mkia wa chasisi ulifupishwa hadi nyuma kidogo ya mshikio wa springi, jambo lililoruhusu kinyanyuzi kisogee hadi mita 1.7 kutoka ekseli. Mkono wa kunyanyua sasa unapita chini na kusukumwa na silinda ya haidroliki, na ukishapanda hufungwa kwa pini. Zamani winchi ndiyo iliyoshikilia mzigo njia nzima, na breki ya winchi haikutengenezwa kwa mitikisiko ya safari. Winchi mpya ya umeme ina kazi moja, kulivuta gari lifike kwenye kinyanyuzi.

Vifaa hivi vyote vina kilo 240. Kwa hesabu, pikapu ikiwa haijanyanyua kitu ina kilo 1,135 mbele na 945 nyuma. Nafasi ya nyuma ni kilo 805, na kwa mita 1.7 kila kilo inayonyanyuliwa huongeza kilo 1.55 kwenye ekseli, kwa hiyo kiwango cha juu ni kilo 520. Kwenye mizani halisi, iliyosoma kwa hatua za kilo 10, tupu ilikuwa 1,130 na 960. Tulipoweka kilo 500 kwenye kinyanyuzi ikasoma 860 mbele na 1,730 nyuma. Zilibaki kilo 20 kabla ya kikomo. Namba iliyopakwa kwenye mkono sasa ni 500, na safari hii inatoka kwenye ekseli inayozidiwa kwanza.

Kilo 500 zinatosha kwa magari madogo kabisa, yale yenye uzito wa jumla wa kilo 850 hivi. Kwa mengine, ikiwemo lile la kilo 780 mbele, dawa ilikuwa kitela cha magurudumu mawili. Magurudumu ya mbele ya gari bovu hupanda juu ya kitela, ambacho hubeba uzito huo kwa tairi zake chenyewe, na pikapu hupata kwenye ndoano yake kilo 60 tu, zinazoongeza takribani kilo 80 kwenye ekseli ya nyuma. Ukilinganisha na kilo 1,258 ambazo gari hilohilo liliiongezea ekseli lilipokuwa kwenye kinyanyuzi cha zamani, hakuna la kujadili. Sharti moja halina mjadala pia: kitela na gari juu yake ni kilo 1,550, na mtengenezaji wa pikapu anaruhusu kilo 750 tu kwa kinachovutwa bila breki, kwa hiyo kitela lazima kiwe na breki zake, ziwe zinafanya kazi, na zijaribiwe kila asubuhi.

Kuna magari ambayo hata kwa mpangilio huu amelazimika kuyakataa, na ninamuunga mkono. Gari ambalo magurudumu yote manne huendeshwa na injini haliburutwi na mawili yakiwa chini, wala gari la umeme ambalo mota yake huzunguka pamoja na magurudumu yaliyo barabarani. Lile linaloendeshwa kwa magurudumu ya nyuma lenye giaboksi ya otomatiki nalo huharibika, kwa sababu pampu ya mafuta ya giaboksi huzungushwa na injini, na injini ikiwa imezimwa gia huzunguka kavu. Hapo ama shafti ya propela itolewe, ama gari libebwe lote.

Malalamiko yake ya sasa ni muda. Kufunga kitela, mikanda ya magurudumu, minyororo miwili ya usalama inayopishana na taa za nyuma za gari linalovutwa humchukua dakika ishirini zaidi ya alivyozoea, na mteja aliyesimama kando ya barabara huona dakika hizo ni nyingi. Nami nimemwomba jambo moja zaidi: kiraka cha boriti ya kulia tumekipaka rangi nyeupe, yeye asafishe matope pale kila wiki, na siku atakapoona mstari mwekundu juu ya weupe ule asinyanyue gari lolote kabla ya kunipigia.